Uzi: Sauti inayoshika ukingo na kukata kona bila kurudi nyuma. Tuizungumze topolojia ya akustika bila chumvi

Wimbi Refu (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda inazuka video ya nyenzo "inayopitisha sauti bila kurudi nyuma hata ukiiharibu", na chini yake mabishano: huyu anasema uongo, yule anasema fizikia imepinduka. Nimelifuatilia somo hili kwa miaka na ninalipenda, ndiyo maana linaniuma likielezwa nusu. Jambo lenyewe ni la kweli. Ila nyingi ya nyenzo hizo zinailinda sauti kwa masharti, na masharti ndiyo yanayoachwa nje ya video. Mimi nataka tuyaweke mezani.

Nianze na sauti yenyewe. Hewani ni mgandamizo unaosafiri, karibu mita 343 kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 20. Gawanya kasi hiyo kwa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, kipimo chake hezi, Hz) unapata urefu wa wimbi. Hz 100 ni mita 3.4. Hz 1000 ni sentimita 34. Hz 20,000 ni sentimita 1.7. Shikeni namba hizo, tutazirudia. Wimbi likikuta kona kali, au bomba linalobadilika upana ghafla, sehemu yake inageuka na kurudi lilikotoka. Hakuna anayelituma lirudi, ni kwamba njia ya kurudi ipo wazi sawasawa na ya kwenda.

Sasa tukio moja ninalolipenda sana. Madrid, Hispania, kuna sanamu ya Eusebio Sempere: mabomba ya chuma yaliyosimama wima kwa mpangilio wa miraba, kila bomba na kipenyo cha sentimita 2.9, na kutoka bomba hadi bomba sentimita 10. Mwaka 1995 watafiti walipima sauti inayopenya katikati ya mabomba hayo, wakakuta inafifia sana karibu na Hz 1670. Mabomba yenyewe ni membamba, nafasi kati yao ni pana, mtu angepitisha mkono. Kwa nini sauti ikwame?

Piga hesabu. Sentimita 10 ni nusu ya wimbi la sentimita 20, na 343 ukigawa kwa 0.20 unapata Hz 1715, karibu kabisa na walichopima. Kila safu ya mabomba inarudisha sauti kidogo tu, lakini kwenye masafa hayo vijisauti vyote vinavyorudi vinaenda hatua moja, vinajumlishana, na sauti ya kwenda mbele inakufa. Mpangilio wa namna hii unaitwa fuwele ya sauti, na masafa yanayokataliwa yanaitwa pengo.

Hapo bado hakuna topolojia, yaani hisabati ya mambo yasiyobadilika hata umbo likivutwa au kukunjwa. Inaingia ukichukua fuwele mbili zenye pengo kwenye masafa yaleyale ukazibandika ubavu kwa ubavu. Kulia sauti haipiti, kushoto haipiti. Mtu angetegemea mpaka wao uwe kimya pia. Lakini zipo jozi za fuwele ambazo mpaka wake *hauwezi* kuwa kimya. Sauti itapita hapohapo kwenye mshono, utake usitake.

Sababu ni namba kamili. Fikiria kamba iliyozungushwa nguzo, ncha zake zikafungwa pamoja. Unaweza kuilegeza, kuivuta, kuisukuma juu au chini, lakini idadi ya mizunguko inabaki ileile: 0, 1 au 2. Hakuna mzunguko mmoja na robo. Kuibadilisha idadi hiyo ni mpaka ukate kamba. Ndani ya fuwele nako, ukipitia pande zote ambazo wimbi linaweza kuelekea, umbo la wimbi linajigeuzageuza, na ukirudi ulipoanzia linakuwa limefanya mizunguko kamili. Idadi hiyo ndiyo namba ya Chern, kwa heshima ya mwanahisabati Shiing-Shen Chern. Fuwele ya kushoto ikiwa na 1 na ya kulia 0, basi mahali fulani katikati lazima namba ibadilike, na "kukata kamba" kwa fuwele maana yake ni pengo kufungwa. Pengo likifungwa, sauti inapata njia. Ndiyo huo mshono.

Wazo hili halikuanzia kwenye sauti. Klaus von Klitzing alilikuta mwaka 1980 kwenye elektroni zilizowekwa ndani ya uga mkali wa sumaku: upitishaji umeme ulipanda kwa ngazi kamili, sahihi kupita matarajio. Mwaka 1982 David Thouless na wenzake wakaonyesha kwamba ngazi hizo ni namba za topolojia. Duncan Haldane mwaka 1988 akaonyesha kwamba hata uga wa sumaku ukijumlishwa unapata sifuri, jambo hilo bado linawezekana. Thouless, Haldane na Michael Kosterlitz walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2016.

Naweka nukta hapa kwanza. Karibuni kwa maswali.

Fundi Masafa:

Mkuu, shukrani, nimeweka kambi. Mimi mabomba ya hewa nayajua kwa mikono, hiyo habari ya kona kurudisha sauti ni ya kila siku. Ila nina swali. Elektroni ina chaji, sumaku inaipinda. Hewa haina habari na sumaku. Sasa nani anaipinda sauti?

Wimbi Refu:

Fundi, umegusa penyewe. Kazi ya sumaku pale ni moja: kufanya safari ya kwenda na ya kurudi zisifanane. Bila hiyo, kila njia ya kwenda ina pacha wake wa kurudi, na kona au mkwaruzo wowote unaweza kulihamisha wimbi kutoka njia moja kwenda kwa pacha wake.

Kwa sauti, kinachofanya kazi hiyo ni kuisogeza hewa yenyewe. Sauti inayofuata mkondo wa hewa inakwenda haraka kuliko inayoupinga. Mwaka 2014 kundi la Andrea Alù, wakati huo Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, lilitengeneza kichumba cha mduara chenye milango mitatu, ndani yake wakafunga feni ndogo tatu zinazozungusha hewa upande mmoja. Kasi ya hewa ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na kasi ya sauti. Lakini kwa sababu kichumba kinavuma, yaani sauti inazunguka humo mara nyingi kabla ya kutoka, tofauti ndogo ilijilimbikiza ikawa kubwa. Sauti iliyoingia mlango wa kwanza ilitoka wa pili, iliyoingia wa pili ikatoka wa tatu, na njia za kinyume zikafungwa kwa tofauti iliyofikia desibeli 40. Desibeli 40 ni nguvu mara 10,000.

Mwaka 2015 yakaja mapendekezo ya kupanga vichumba vingi vya namna hiyo kama sega la nyuki, au silinda zinazozungusha hewa pembeni yake. Ukifanya hivyo fuwele nzima inapata namba ya Chern isiyo sifuri, na ukingo wake unapitisha sauti upande mmoja *tu*. Hapo kurudi hakupo, kwa sababu njia ya kurudi yenyewe haipo. Toboa, weka kona, toa kipande: sauti itazunguka kasoro iendelee. Mwaka huohuo wa 2015 kundi la Chuo Kikuu cha Chicago likaonyesha jambo hilihili kwa macho, kwa jairoskopu (vigurudumu vinavyozunguka kwa kasi) 54 zilizoning'inizwa zikisukumana kwa sumaku. Ukizitikisa pembeni, mtikisiko unazunguka ukingo upande mmoja. Kwa sauti ya hewani, fuwele yenye vichumba vinavyozunguka ilijengwa na kupimwa mwaka 2019.

Huo ndio ulinzi kamili, na sioni aibu kuusifu. Tatizo ni kwamba feni zina kelele zake, hewa inavurugika, na kila kichumba kinatakiwa kizunguke kwa kasi ileile. Jenga mia moja uone kazi yake.

Kimya Kingi:

Ina maana zile video za chuma tupu, vipande vya plastiki vilivyochapishwa, hakuna feni hata moja, ni uongo?

Wimbi Refu:

Hapana mkuu, si uongo. Ni familia nyingine, na ndiyo iliyojaa kwenye majarida kwa sababu ni rahisi kuijenga.

Mwaka 2015 watafiti wa ETH Zurich, Roman Süsstrunk na Sebastian Huber, walipanga pendulamu 270 zilizounganishwa kwa springi. Hakuna feni, hakuna jairoskopu. Pendulamu ziliwekwa mbili mbili kila kituo, na jozi inaweza kuzunguka kulia au kushoto. Mizunguko ya kulia ilishika ukingo ikaenda huku, ya kushoto ikashika ukingo uleule ikaenda kule. Mwaka 2016 kundi la Nanjing, China, likafanya sawa na hilo kwa sauti ya hewani, kwa kupanga nondo za chuma tu na kubadilisha unene wake kati ya fuwele na fuwele. Mwaka 2017 kundi la Wuhan likatumia nondo zenye umbo la pembetatu. Huo mpango wa pembetatu kwangu ndio mzuri kuliko yote, acha nikae nao kidogo.

Nondo zote zimesimama kwa mpangilio mmoja. Zikiwa zimeelekea sambamba na mistari ya ulinganifu, masafa fulani yanapita bila pengo. Zungusha kila nondo nyuzi chache kulia, pengo linafunguka. Zungusha nyuzi zilezile kushoto, pengo linafunguka vilevile, la ukubwa uleule. Ukipima sauti inayopenya hutaona tofauti yoyote. Lakini ndani, sauti ya moja inazunguka kama kimbunga kidogo upande wa saa, na ya nyingine kinyume. Bandika nusu iliyogeukia kulia na nusu iliyogeukia kushoto, na kwenye mshono sauti inatambaa. Ukichora mshono wenye umbo la Z, sauti inafuata Z, inakata kona mbili kali na kutoka upande wa pili ikiwa imepoteza kidogo sana kwa kurudi.

Ukitaka kuhamisha njia huhitaji kubomoa kitu, zungusha nondo tu.

Binti Hesabu:

Samahani kaka, hapo nina kizuizi. Kama hewa imetulia, basi pacha wa kurudi yupo. Umesema mwenyewe juu. Sasa nani anamzuia wimbi lisimrukie pacha wake? Kwa elektroni nimesoma kwamba spini (mzunguko wake wa asili) inazuia, na sauti haina spini.

Wimbi Refu:

Dada, hapa ndipo nilipotaka uzi ufike. Asante.

Elektroni ina spini nusu. Ukiurudisha wakati nyuma mara mbili, ungetegemea urudi palepale ulipokuwa. Hali ya elektroni inarudi ikiwa na alama ya hasi. Hiyo hasi moja ndiyo inayowafanya mapacha wawili wasigusane kamwe, maadamu hakuna sumaku. Charles Kane na Eugene Mele waliijengea nadharia mwaka 2005. Sauti ukiirudisha mara mbili inarudi ikiwa chanya, kama ilivyokuwa. Kwa hiyo ule ulinzi wa asili haupo. Ukitaka kuuiga, unatumia ulinganifu wa mpangilio wenyewe: pembe sita za sega, jozi za pendulamu, mwelekeo wa pembetatu. Ulinganifu ukibaki, mapacha hawagusani. Ukiuvunja, wanagusana, na sauti inarudi.

Na mshono wenyewe tayari unaugusa ulinganifu! Kwa nondo zilizopangwa kama sega la pembe sita, zile za Nanjing, ulinganifu kamili upo ndani ya fuwele lakini si kwenye mpaka. Ndiyo maana kwenye mpaka linabaki pengo dogo, mara nyingi dogo kiasi cha kupuuzwa, ila lipo. Kwa pembetatu, kona ya nyuzi 60 au 120 inaheshimu mpangilio, sauti inapita vizuri. Kata mshono kwa pembe isiyoendana na mpangilio, au weka kasoro ndogo na kali kuliko nafasi ya nondo kwa nondo, uone jinsi inavyorudi.

Kwa hiyo mtu akikwambia "imelindwa", muulize imelindwa *dhidi ya nini*. Yenye mkondo wa hewa: dhidi ya karibu kasoro zote, maadamu pengo halijafungwa. Isiyo na mkondo: dhidi ya kasoro zisizovunja ulinganifu wake. Zote mbili zinabaki na maana kubwa. Lakini kuziita kwa jina moja bila kutenganisha ni kumnyima msomaji haki yake.

Na msuguano haumo kabisa kwenye ahadi. Hewa inakwaruza kuta za vijia vyembamba, joto linapotea, sauti inafifia. Topolojia inazuia sauti isirudi, haizuii isichoke.

Kimya Kingi:

Basi niseme shida yangu. Jenereta ya jirani inanguruma usiku kucha, ngurumo ya chini ile inayopita ukutani. Nyenzo hii itanisaidia?

Wimbi Refu:

Pole sana mkuu. Kwa ukweli, hapana. Chukua Hz 100, wimbi la mita 3.4. Kwa fuwele ya kawaida nondo zingekaa mbalimbali karibu mita 1.7, na ungehitaji safu kadhaa. Hicho ni kiwanja kizima. Vipo vichumba vinavyovuma masafa ya chini vikiwa vidogo kuliko wimbi, lakini vinafanya kazi kwenye kipande chembamba cha masafa, na jenereta ina masafa yake ya msingi pamoja na mizidisho yake mingi juu. Ukuta mzito, nafasi ya hewa katikati, kitu cha kufyonza, na kuitenga jenereta na sakafu: hayo bado ndiyo yanayoshinda. Lengo la nyenzo hizi si kunyamazisha, ni kuelekeza.

Tumaini langu mimi liko kwenye vitu vidogo. Ndani ya simu kuna vichujio vinavyogeuza mawimbi ya redio kuwa mitetemo inayotambaa juu ya uso wa fuwele ngumu, aina ya mawimbi aliyoyaeleza Lord Rayleigh mwaka 1885. Kasi yake kwenye nyenzo hizo ni kama mita 3500 hadi 4000 kwa sekunde, na kwa gigahezi 2 wimbi linakuwa na urefu wa karibu mikromita 2. Hapo mita 1.7 yako imekuwa mikromita moja. Msuguano wa hewa unaondoka, kasoro za utengenezaji ndizo zinazosumbua, na kukunja njia ya mtetemo ndani ya eneo dogo ni kazi ya kila siku. Ndipo mshono unaokata kona una thamani.

Fundi Masafa:

Mimi nataka kuiona kwa mikono yangu. Nina mashine ya kuchapisha plastiki, spika ndogo na maikrofoni. Nianzie wapi pasipo nondo mia mbili?

Wimbi Refu:

Anza na mstari mmoja. Mwaka 1979 Su, Schrieffer na Heeger walichunguza mnyororo wa poliasetilini (molekuli ndefu ya kaboni) wenye viungo imara na dhaifu kwa kupokezana, na mnyororo huohuo unajengeka kwa sauti.

Chapisha vichumba kumi vya silinda, vyote vyenye urefu wa ndani wa sentimita 10, vimezibwa pande zote mbili. Kila kimoja kitavuma karibu Hz 1715, kwa sababu nusu ya wimbi inaingia humo. (Ndiyo, ni hesabu ileile ya sanamu ya Madrid.) Viunganishe kwa vijia: chembamba, kipana, chembamba, kipana, hadi mwisho, na ncha zote mbili zianze na chembamba. Pitisha sauti inayopanda taratibu kutoka Hz 1500 hadi 1900 huku unapima kila chumba. Katikati ya pengo utakuta mvumo ulioganda kwenye vyumba vya ncha, mmoja kila ncha. Geuza mpangilio uanze na kipana, utatoweka.

Binti Hesabu:

Kabla Fundi hajachapisha, mimi nimeufanya kwa kompyuta, kwa lugha ya Python, nikitumia vyumba 20. Jedwali la 20 kwa 20, diagonali (masafa ya kila chumba) sifuri, pembeni yake (nguvu ya vijia) 0.5, 1, 0.5, 1, nikaanza na kumaliza na 0.5. Jedwali linatoa thamani 20, ndizo masafa ya mivumo ya mnyororo mzima. Thamani 18 zimekaa kati ya 0.5 na 1.5 kwa ukubwa, chanya na hasi. Mbili zimebaki kwenye sifuri, kama 0.0007 juu na chini. Umbo lake linaanza kubwa kwenye chumba cha kwanza, la pili karibu sifuri, la tatu nusu ikiwa hasi, la tano robo. Na upande wa pili vivyo hivyo.

Nikavuruga vijia vyote kwa asilimia 10 bila mpangilio. Bado sifuri, kwa kiasi kilekile. Nilifurahi mpaka nikasimama.

Kisha nikagusa diagonali, chumba cha kwanza peke yake. Nikaweka 0.2, thamani ya ncha hiyo ikapanda hadi 0.148. Nikaweka 0.5, ikawa 0.349. Nikaweka 1, imegusa 0.5, yaani imefika kwenye ukanda wa zile 18 na kupotea humo. Ile ya ncha ya pili haijatikisika. Nimekosea?

Wimbi Refu:

Hujakosea hata kidogo, umeyaona masharti yenyewe kwa namba. Mnyororo huu unalindwa na usawa wa juu na chini: kila thamani chanya ina pacha wake hasi. Vijia ukivivuruga usawa huo unabaki, kwa hiyo sifuri haina pa kwenda. Diagonali ni masafa ya chumba chenyewe. Ukikibadilisha urefu, usawa umeuvunja, na namba ya mizunguko haikulindi tena.

Fundi, hili linakuhusu moja kwa moja. Kila kijia kinasogeza kidogo masafa ya chumba kilichounganishwa nacho. Vyumba vya katikati vina vijia viwili, vya ncha kimoja tu. Kwa hiyo hata ukivichapisha vyote kwa sentimita 10 kamili, vya ncha havitavuma sawa na vingine, na mvumo wako utasogea kutoka katikati ya pengo kabla hujagusa kitu.

Fundi Masafa:

Nikiongeza kijia kipofu pale kwenye ncha? Kinachozibwa upande wa pili.

Wimbi Refu:

Hiyo ndiyo dawa. Kipe kila chumba cha ncha kijia kipana kilichozibwa katikati ya urefu wake, ili chumba kione karibu kilekile wanachokiona wenzake. Chapisha chumba kimoja cha kati na kimoja cha ncha kwanza, vipime kila kimoja peke yake, viunganishi vyote vikiwa vimezibwa hivyohivyo. Vikipishana zaidi ya Hz chache, rekebisha urefu wa hicho kijia kipofu, ndipo uchapishe vinane vilivyobaki.

Fundi Masafa:

Cha kwanza kiko kwenye mashine. Nikishapima naweka namba hapa.